Jicho la Mtambo wa Kahawa

Zulaikha binti Marjan alisomea uhandisi wa roboti akiamini kwamba Kampala ingemhitaji. Haikumhitaji. Miaka sita baada ya chuo alikuwa bado anapanda ngazi kwenye baa za Kabalagala akifunga kamera za ulinzi, huku walevi wakimuuliza fundi mwenyewe atakuja saa ngapi.

Mwaka 2016 akapata mlango. Sylvanus Odera, Mkenya mwenye kiwanda cha kahawa Kawempe, alitaka mtambo wa kutenga punje mbovu. Zulaikha akauunda mwenyewe: mkanda, kamera mbili, kompyuta, na vibomba vya hewa vya kupuliza punje mbovu ianguke pembeni. Vyuma alivichomelea katika gereji ya baba yake, Kisenyi.

Lakini kompyuta haijui kahawa mpaka ifundishwe. Ilitaka maelfu ya picha, na kila picha iambiwe: hii nzima, hii mbovu. Aliyejua kutofautisha ni Mama Akwero, mjane wa mwanajeshi, aliyekuwa amechambua kahawa kwa mkono kiwandani hapo miaka ishirini.

Miezi minane walikaa meza moja.

"Hii?"

"Mbovu. Imechacha."

"Mbona naiona nzuri?"

"Nusa."

Zulaikha akanusa, akausikia uchachu. Kamera haina pua. Ilibidi atafute tofauti ya rangi, hafifu mno, ambayo jicho la mtu huipita tu. Ilimchukua wiki tano, lakini aliipata.

Siku moja Akwero akasukuma trei kando. "Injinia, hii mashini ikishajua yote, mimi naenda wapi?"

Zulaikha akairudisha trei katikati. "Tuendelee, mama," alisema, na aibu ya maneno hayo ikamfuata siku nyingi.

Mtambo ulifanya kazi vizuri hadi mvua za Machi. Umeme ukapungua nguvu, taa zilizomulika mkanda zikafifia na kuwa za manjano, na lile jicho la kamera likaanza kutupa kahawa nzima, gunia baada ya gunia. Zulaikha aliomba wiki mbili abadilishe taa. Akapewa. Alipomaliza, mtambo haukukosea tena, lakini Odera alikuwa ameshaagiza mwingine kutoka ng'ambo.

"Wateja wanataka kuona jina kubwa," alisema Odera bila kumtazama. "Wako ulikuwa wa kujifunzia, dada."

"Umeupima tangu nibadilishe taa?"

"Sina haja ya kuupima."

Wakausukuma stoo, wakaufunika turubai. Wiki iliyofuata Odera akamwita: mtambo mpya unahitaji mtunzaji, na nani mwingine angeuelewa? Zulaikha alitoka hadi langoni, kisha akarudi ndani. Hakuwa na kazi nyingine.

Mtambo wa ng'ambo unapitisha punje zilizochacha. Zulaikha anajua kwa nini: haukufundishwa ile tofauti hafifu ya rangi. Angeurekebisha mchana mmoja. Ila programu yake imefungwa kwa neno la siri, na waliouunda hawalitoi. Ameandika barua saba. Jibu ni lile lile: msubirini fundi wetu. Huu ni mwaka wa pili, na fundi hajaja.

Kwa hiyo mwishoni mwa mkanda pana meza, ambapo Mama Akwero na wanawake wanne wanachambua upya kile ambacho mtambo umeshachambua. Jana, barua ya saba ilipojibiwa, Zulaikha alivuta kiti akaketi kati yao.

"Wewe si injinia?" akauliza Akwero.

"Sogea, mama."

Akaanza kutupa punje mbovu ndooni, moja moja, kwa hasira.