Nyayo Kwenye Stoo ya Viazi

Sipendi habari za mizimu. Watu wa kwetu wakianza kusimulia mambo ya vivuli na sauti, mimi huuliza kama kuna chai. Ndiyo maana shemeji yangu aliponipigia simu huku mjini, Ilomba, nikiwa katikati ya kushona sare za kwaya, akaniambia kuna kitu kinaingia kwenye stoo ya viazi na dada yangu anasema ni mtoto, nilimkatisha palepale.

"Shemeji, mtoto gani tena?"

"Wa kwetu," akasema.

Mtoto wao tulikuwa tumemzika wakati wa mvua. Alikuwa wa pekee, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea, anakwenda hatua mbili, anakaa chini, anacheka. Homa ilimshika jioni, ukungu umefunga barabara, shemeji akasema wangoje kupambazuke ndipo waende hospitali. Kulipopambazuka hakukuwa tena na mtoto wa kumpeleka.

Nilifunika cherehani, nikapanda mlimani kwao kesho yake.

Stoo yao imejengwa kwa matofali mabichi nyuma ya jiko, haina dirisha. Ndani kuna chanja za miti, na juu ya chanja mbegu ya viazi imetandazwa ili ichipue. Machipukizi yalikuwa meupe, marefu, yote yameinamia upande mmoja, upande wenye ufa wa mlango. Mbegu ile ndiyo ilikuwa shamba lao la msimu unaokuja. Ikiisha, hawana kitu cha kupanda.

Shemeji alinieleza ilivyoanza. Walikuwa wanakuta viazi vimetafunwa, wasijue mwizi ni nani. Akafanya kama wanavyofanya watu wote huko: jioni akachukua majivu ya jikoni, akayachekecha sakafuni kama unga, akafunga mlango. Panya huacha alama zake, kicheche huacha zake, na mtu mwenye viatu naye huacha zake. Asubuhi dada ndiye aliyetangulia kufungua, akakuta nyayo za mtoto.

"Njoo ukaone, mdogo wangu," dada aliniambia kabla sijatua hata mkoba. Alikuwa amekonda, lakini uso wake uling'aa, na kung'aa kule ndiko kulikonitia hofu.

Niliziona. Nywele zilinisimama, siwezi kusema uongo. Kisigino kidogo, wayo mnene, vidole vitano. Zilitokea kwenye kona ya giza, nyuma ya chanja, zikaja hadi katikati ya chumba kwa hatua fupifupi za mtu anayeyumba, zikazunguka kikombe. Kilikuwa kikombe cha plastiki cha mtoto, ambacho dada alikuwa anakijaza uji kila jioni. Kimelala ubavu, kitupu.

"Siku hizi anamaliza," dada akasema. "Zamani alikuwa ananisumbua, hamalizi."

Ukungu ulikuwa unaingia mlangoni taratibu, unapita juu ya viazi, na mle ndani kulinukia udongo wenye maji.

"Na alfajiri utamsikia anacheza," akaongeza.

Nilijua anasema nini. Walimtengenezea mtoto kitu cha kuchezea, chupa ya maji iliyotiwa punje za mahindi, na alikuwa anaitikisa kutwa nzima. Sasa alfajiri, jogoo wanaanza kuwika, nikaisikia kupitia ukutani. Punje zilitikiswa, zikatulia, zikatikiswa tena. Nilivuta blanketi hadi kichwani, mimi niliyekuwa na mdomo mrefu kwenye simu.

Kulipokucha kabisa nilijikaza, nikachukua tochi, nikaenda peke yangu. Nilipiga magoti kwenye majivu, nikatazama kwa makini kama ninavyotazama mshono wa fundi mwingine. Mbele ya kila kidole kulikuwa na mkwaruzo mwembamba wa ukucha, kucha ndefu ambazo mtoto hana. Pembeni majivu yalikuwa yamefagiliwa na kitu kigumu. Nikaingia nyuma ya chanja. Chini ya msingi kulikuwa na tundu, na mdomoni mwa tundu mwiba mrefu, mweusi kwa mweupe.

Nungunungu! Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Mguu wake wa nyuma umekaa kama wa binadamu mdogo, na miiba ya mkiani akiitikisa inalia kama punje ndani ya chupa. Nyama yake nimeila sana utotoni, lakini sikuwahi kuangalia miguu.

Sikumwambia dada. Nilimpelekea shemeji ule mwiba. Yeye ni mzee wa kanisa, mtu wa kukemea ushirikina mpaka sauti inakauka, nikategemea atafurahi. Aliugeuza mkononi, akautia mfukoni.

"Usimwonyeshe kwanza," akasema.

Nikasema basi, tutege. Akakubali, akaleta waya wa klachi ya pikipiki, tukautega pamoja kwenye lile tundu.

Asubuhi tuliukuta waya umetundikwa kwenye msumari, umeviringwa vizuri. Kwenye majivu kulikuwa na nyayo mpya, na viazi vimeliwa. Nikamlaumu dada kimoyomoyo, nikautega tena. Ukarudi msumarini. Chanja ya chini ikawa tupu kabisa, na majirani walikuwa wameshaanza kulima. Nilianza kuona watu hawa watakuja kulala njaa kwa sababu ya uji wa mnyama.

Jioni moja nikamweka dada jikoni, nikampa maharage achambue, nikajiambia leo hanyanyuki hapa. Hakunyanyuka. Nilipotoka kufuata kuni nikaona mwanga wa simu kwenye stoo. Shemeji alikuwa amechuchumaa, amenipa mgongo, anauviringa waya.

"Kumbe ni wewe!" Nilikuwa nimewaka. "Unajua ni mnyama, halafu unamfungulia mlango! Mtapanda nini, majivu?"

Hakushtuka. "Nyayo za nungunungu nazijua tangu nachunga ng'ombe, shemeji. Hata ile asubuhi ya kwanza nilijua."

"Sasa?"

"Tangu tumzike mtoto, dada yako alikuwa haniiti. Anaweka chakula, anaondoka. Mimi ndiye niliyesema tungoje kupambazuke." Alifuta uso kwa mkono wenye majivu. "Ile asubuhi alipoziona akapiga kelele kuniita. Akaniita baba, akataja na jina la mtoto. Ningemwambia ni nungunungu?"

Kwetu mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto wake, na tangu msiba hakuna aliyejua wale wawili waitwe nani. Hasira yangu iliisha yote. Nilimwonea huruma.

"Lakini tazama hapa," akasema. Alimulika unyayo mmoja, akaweka vidole vyake kando yake, akipima. Sauti yake ilishuka. "Mwanzoni ulikuwa unaishia hapa. Sasa umefika hapa. Mguu unakua, shemeji."

Nilitaka kumwambia huenda ni nungunungu mwingine, mkubwa zaidi. Nilitaka kumkumbusha yeye ni mzee wa kanisa. Jikoni dada akaita, akalitaja lile jina, na shemeji akaitika haraka, akatoka. Nilibaki na giza na zile chanja. Kisha nikapiga magoti, nikaweka vidole vyangu pale alipoweka vyake, nikapima na mimi.

Waya niliuacha msumarini. Kesho yake nilirudi mjini.

Mvua zilipoanza nilikwenda kuwasaidia kupanda. Mbegu ilitosha nusu ya shamba tu. Shemeji alikuwa anachimba mifereji, dada anaweka viazi, na nilipowakaribia kwenye ukungu nikasikia wanabishana, tena kwa kucheka kidogo, kama miguu yake mtoto ameirithi kwa baba au kwa mama. Waliponiona wakataka mimi niamue.

Nikasema kwa baba.