Mlango wa Chumba D

Mchoro wa nyumba yetu ya Kagoma niliuchora kwa penseli, kwenye karatasi ya miraba, nilipokuwa mwalimu wa historia huko Tabora, mwaka wa pili baada ya vita vya Kagera. Mraba mmoja ulisimama badala ya futi moja. Vyumba sikuviandika majina. Niliviwekea herufi, kuanzia A hadi D, na maana ya kila herufi nikaieleza katika barua ya kando, kama nilivyofundishwa kuchora ramani nilipokuwa mwanafunzi wa wamisionari kule Kashozi: alama ndani ya mchoro, ufafanuzi nje yake, karatasi isichafuke kwa maneno. Nilijivunia usafi huo kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili.

Nyumba yenyewe ilijengwa na babu, kwa matofali mabichi na mabati, enzi ambazo kahawa ililipa. Wakati wa vita, watu waliokimbia kutoka ng'ambo ya mto Kagera walilala humo kwa miezi. Baba, aliyekuwa katekista, aliwapokea bila kuwauliza dini wala ukoo. Sebule ilijaa mikeka, jikoni kulipikwa mchana kutwa, na alipokosekana wa kukata kuni, milango miwili ya ndani ilichomwa. Baba hakulalamika. Alisema mlango ni mbao tu, na mbao huota tena. Niliposimuliwa hayo nilimwona kuwa mtu mkubwa, na ndiyo sababu iliyonifanya niahidi kuikarabati nyumba ile.

Nikaigawa kazi katika awamu nne, kwa sababu saruji na mabati vilipatikana kwa kibali, tena kidogo kidogo. Kwanza paa. Pili kuta za mbele, kwa matofali ya kuchoma. Tatu sakafu ya saruji, badala ya udongo uliotandikwa nyasi. Nne, chumba kipya upande wa nyuma, ambacho ndicho herufi D: stoo ya mbuni, kahawa iliyokaushwa na maganda yake. Mlango wake niliuchora ukiangalia nje, kwenye kibanja, migombani, ili magunia ya kahawa yaingizwe na kutolewa bila kupitishwa sebuleni. Ndani, kati ya D na sebule, nilichora ukuta mtupu.

Mimi nilikuwa mkubwa, na baada yangu alikuwapo mdogo wangu mmoja wa kiume. Nilimfundisha kusoma kabla hajaanza shule, kwa kidole, juu ya kitabu cha sala. Alimbishia kila mtu isipokuwa mimi. Baada ya vita aliacha jembe, akawa akivuka mpaka kufuata mashati ya magendo, kisha akahamia visiwani, upande wa Muleba, kununua samaki kwa wavuvi waliotoka kila pembe ya ziwa. Miaka hiyo ndiyo ugonjwa ule wa kukondesha, ambao baadaye ungeitwa UKIMWI, ulipoanza kuzungumzwa Bukoba mjini, kisha Kitendaguro, kisha kwetu, na kwanza watu waliuita kwa jina la kitambaa cha mashati walichokileta wachuuzi wa mpakani.

Paa lilikwisha. Kuta za mbele zikakwisha. Kisha Baba akaniandikia kuniomba tubadili mpangilio: chumba cha nyuma kitangulie, sakafu ingoje. Kahawa, alisema, ilikuwa imezaa vizuri. Nilikubali, na nikaona fahari kwamba mchoro wangu uliweza kubadilishwa mpangilio bila kuharibika. Kuhusu mdogo wangu aliandika kwamba bado yuko visiwani, na kwamba barua huko hazifiki.

Kwa hiyo salamu kwake nilizipitishia kwa Baba. Hakuna barua niliyoiandika mwaka ule isiyouliza mdogo wangu atarudi lini, na isiyomwagiza anywe maji yaliyochemshwa. Nilijua kwamba kila Jumapili, baada ya ibada, Baba huketi sebuleni na kuisoma barua yangu kwa sauti, akiitafsiri kwa Kihaya kwa ajili ya Mama, ambaye hakujifunza kusoma. Niliandika nikizingatia usomaji huo. Sentensi zangu nilizipima kwa pumzi yake.

Telegramu ilinifikia Tabora siku mbili baada ya maziko. Nilisafiri kwa treni hadi Mwanza, kwa meli hadi Bukoba, na kwa lori la ndizi hadi nyumbani, nikakuta kaburi kando ya migomba, udongo wake ukiwa bado mwekundu, hatua chache kutoka mlango wa chumba D. Niliambiwa kwamba alirudi kutoka visiwani akiwa taabani na hakukaa siku nyingi. Waombolezaji walikuwa bado wamelala juu ya nyasi sebuleni. Wanawake waliniangukia wakilia. Mama hakuniangukia. Aliniletea maji ya kunawa kwenye beseni, kama anavyoletewa mgeni, akasema, "Umefika," akarudi jikoni.

Nilidhani ni msiba. Kwa wiki mbili nilijiambia hivyo, na kwa wiki mbili alinitengea chakula bila kuniangalia usoni.

Ili mikono yangu ipate kazi, nikamwita fundi tuzungumzie sakafu. Alikuwa mtu wa mzaha, mzee kidogo kunizidi, aliyezoea kuniita Mwalimu huku akinicheka kwa futikamba yangu. Tulipofika nyuma ya nyumba aligonga fremu ya mlango kwa kifundo cha kidole.

"Huu tuliupanua inchi tatu kuliko ulivyopima, Mwalimu," alisema. "Kitanda kilikuwa hakipiti."

Nikamuuliza kitanda cha nani.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Kisha, kwa kuwa alifikiri namjaribu, akanieleza mambo ambayo kijiji kizima kiliyajua. Mdogo wangu alikuwa amerudi kutoka visiwani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kufa, kabla msingi wa chumba kile haujachimbwa. Siku ya kupima alitoka na fimbo, akasimama hapo tulipokuwa tumesimama, akaomba aone karatasi. Aliutambua mkono wangu papo hapo, kwa tarakimu ya saba ninayoikata kistari katikati. Aliufuata mchoro kwa kidole, chumba baada ya chumba, hadi kwenye D na mlango wake wa nje na ukuta wake mtupu.

"Akacheka hadi akakohoa," fundi alisema. "Akaniambia, 'Kaka yangu ni msomi. Hata kumtoa mtu nyumbani anapima kwanza kwa rula.' Kisha akaingia. Hakubishana. Wote tulidhani angebishana."

Baba nilimkuta uwanjani, akigeuza mbuni juu ya mkeka kwa mguu, polepole, kama alivyofanya maisha yake yote. Nilimuuliza maelezo ya mchoro yalikuwa wapi.

"Maelezo gani?"

"Barua iliyosema D ni stoo ya kahawa, Tata."

Aligeuza mstari mzima wa mbuni kabla ya kujibu. "Niliiweka."

"Yeye ulimwambia nini?"

"Nilimwambia, kaka yako amechora. Basi. Sikumwambia uongo hata mmoja." Akaendelea bila kunigeukia. "Kwa neno langu asingeingia. Mimi alinibishia tangu alipoota ndevu. Wewe hakuwahi kukubishia."

Alinieleza sababu zake kwa utaratibu, jinsi alivyozoea kueleza amri za Mungu. Watu waliokuwa wakija kusali kwake kila Jumatano walikuwa wameacha kuingia ndani. Kwanza walikaa karibu na mlango, kisha barazani, kisha wakatuma salamu. Hakuna aliyejua vizuri ugonjwa unapita wapi. Yeye mwenyewe aliogopa vikombe. Nilimkumbusha watu wa ng'ambo ya mto, waliolala sebuleni humo miezi na kuchoma milango. Akasema wale walikuwa na vita, na vita huisha.

Nilimwomba jambo moja tu: amwambie Mama. Mdogo wangu hakuweza tena kuambiwa, na hilo nililijua, lakini Mama alikuwa hai na alikuwa ananitengea chakula kama mgeni.

"Atanionaje?" aliuliza.

"Kama alivyoniona mimi."

Ilimchukua siku tatu. Siku ya nne, kabla ya chakula cha mchana, alikuja hadi mlango wa jikoni, mahali ambapo sikuwahi kumwona akisimama. Mama alikuwa anamenya ndizi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda kando yake, nikimsaidia vibaya. Baba alisema kwa Kihaya, kwa sauti ya chini lakini bila kukwepa neno, kwamba mimi sikujua. Kwamba nilichora stoo. Kwamba niliandikiwa kuwa mtoto yuko visiwani, na nikaamini.

Mama alimaliza kumenya ndizi iliyokuwa mkononi.

"Na salamu?" aliuliza.

Baba hakuelewa, au alijifanya hivyo. Mimi ndiye niliyejibu kwamba nilimsalimu katika kila barua.

Hapo ndipo nilipopata kujua sehemu iliyobaki, na sikuipata kwa Baba. Ukuta ule mtupu niliouchora ulikuwa wa tofali moja. Kila Jumapili Baba alipoketi kusoma, mdogo wangu upande wa pili alilisogeza godoro hadi kwenye ukuta, na alisikia barua yangu yote: hali ya hewa ya Tabora, wanafunzi wangu, bei ya saruji, vipimo vya madirisha, salamu kwa majirani mmoja mmoja. Alisikia yote, isipokuwa mistari ambayo Baba aliiruka.

"Nikimpelekea chakula aliniuliza kama umemtaja," Mama alisema, akiniangalia kwa mara ya kwanza. "Kila Jumapili. Nikamwambia baba yako anasoma haraka."

Hakulia. Aliosha mikono, akaipanga ndizi sufuriani, akaifunika kwa majani kama kawaida. Chakula kilipoiva, alipakua sahani yangu na yake akaziweka sebuleni. Ya Baba aliibeba, akatoka nayo kwa mlango wa mbele. Nilimsikia akizunguka nyumba, njia ambayo alikuwa ameipita kwa zaidi ya mwaka, mvua na jua. Alirudi mikono mitupu.

"Chakula chako kiko kule nyuma," alimwambia.

Baba alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nadhani alingoja niseme neno. Nilikuwa na maneno, na sikuyasema. Akatoka.

Siku iliyofuata niliagiza fundi aje na tindo, atoboe mlango wa ndani kati ya sebule na D. Nilikuwa nimekwisha kuupima. Mama alisimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, na kumwambia fundi akanywe chai arudi kwake. Kwangu alisema, "Uliuchora hivyo. Uache."

Niliuliza pia mchoro uliko. Ulikuwa chini ya godoro la mdogo wangu alipokufa, na godoro lilichomwa pamoja na nguo zake migombani, kama ilivyofanywa miaka ile. Barua ya maelezo Baba alinirudishia bila kuombwa mara ya pili. Haikuwa na kunjo hata moja zaidi ya zile nilizoikunja mimi. Humo, kwa wino, kwa mwandiko wa kujivunia, iliandikwa: *D, stoo ya mbuni*. Maneno matatu ambayo yangeenea vizuri ndani ya mchoro.

Sakafu haikuwekwa. Asubuhi ya kuondoka kwangu ilikuwa na mvua. Mama aliniaga sebuleni, juu ya nyasi mpya alizozitandika mwenyewe, akanipa mkungu mdogo wa ndizi wa kula njiani. Aliuita "mzigo wa mwanangu", na nilielewa kwamba kwake nilikuwa nimerudishwa nyumbani. Nilisimama barazani nikingoja mvua ipungue. Kengele ya saa moja ilipolia kanisani, Baba alitoka chumbani akiwa amevaa koti lake la ibada, akafungua mwavuli, akaanza kuzunguka nyumba kwenda kunywa uji wake. Alipita mbele yangu. Kutoka mlango wa mbele hadi mlango wa D, kwa vipimo vyangu mwenyewe, ni futi sitini na nne.