Bega la Kogo na Kibuyu cha Mursik

Acheni niseme mwenyewe kabla binamu zangu hawajawaambia: nilimmwagia pasta mursik kichwani, yale maziwa yetu ya mgando yanayotiwa mkaa, na yote yalianza kwa sababu nilijifanya nimemwelewa daktari.

Kogo, yaani nyanya yangu, amechuma majani chai hapa Kiptere mpaka mifupa ya bega la kulia ikaanza kusagana, hata kitambaa cha kichwa hawezi kujifunga. Nikiwa likizo nikampeleka hospitali niwe mkalimani (yeye ni Kipsigis tu, daktari Kiswahili tu), na daktari akaeleza upasuaji wa aina tatu, mimi nikiitikia "ndiyo, ndiyo" huku jicho moja likiwa kwa simu.

Jumapili familia ikaketi kuchagua, pasta akiwa mgeni wetu, mama akasema, "Kiprono ndiye alikuwa huko, atueleze."

Mngefanya nini? Nilisimama kama mwalimu wa sayansi, nikanyakua kibuyu cha mursik, nikasema tako lake la mviringo ndilo kichwa cha mfupa wa mkono, na kikombe ndicho shimo la bega. "Ya kwanza, wanabadilisha kichwa peke yake. Ya pili, kichwa pamoja na kikombe." Mpaka hapo nilikuwa sawa (nadhani). "Ya tatu... wanageuza."

"Wanageuza nini?" mjomba akauliza.

"Bega."

"Liangalie wapi?"

"Nyuma," nikasema, kwa sababu lazima ningesema kitu.

Kogo akashtuka. "Kwa hivyo kapu la majani chai nitabeba kifuani?"

"Hapana Kogo, ni hivi!" Nikapindua kibuyu juu chini, nikisahau kwamba pasta, aliyeketi hapo chini ya mkono wangu, alikuwa ametoka tu kumiminiwa na kifuniko kiko mezani. Maskini alikuwa amefunga macho (alidhani tunaanza kuliombea bega), na mursik na mkaa wake ikamteremka mpaka kwa tai. Watoto wakacheka, mimi nikacheka kuwashinda, hadi Kogo aliposema polepole, "Mwambieni daktari hili bega nitazikwa nalo." Kicheko kikanikauka.

Mama alikuwa anampangusa pasta, hata hakuniangalia. Akasema: "Kesho mnarudi kwa daktari na mimi nikiwa katikati, na hiyo simu ikiwa kwa mkoba wangu. Kogo atachagua akiwa ameelewa. Na mpaka bega lipone, kapu lake ni la mgongo wako. Mgongo, Kiprono, si kifua."