Debe la Ogeto na Mashine ya Kuchuma Chai

Ogeto alikuwa na sheria moja, na aliishika kuliko wengi wetu tunavyozishika zile kumi: anayewapigia watu mdundo wa kazi asiidanganye miguu yao. Aliipata kwao Kisii akiwa kijana, siku wanaume kumi na wawili walipobeba gogo la daraja. Mwimbaji wao, akitaka kusifiwa na wasichana waliokuwa wakiteka maji, aliruka pigo moja. Gogo lilimwangukia mtu, na mguu wake haukunyooka tena.

Mwaka wa 1996 Ogeto alikuwa mpalizi katika shamba kubwa la chai upande wa Bomet. Mkewe, Janefer, alichuma chai humo humo. Ndipo mtafiti mmoja, Chepkosgei, alipokuja na mashine mpya. Ilibebwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari wa chai, visu vikipita juu ya majani katikati yao. Chepkosgei alitaka kujua mashine hiyo inaweza kwenda kasi kiasi gani bila kuharibu chai. Kasi yenyewe iliwashinda. Wabebaji walipoharakisha, mmoja alitangulia, mwenzake akabaki, na visu vikazama mitini.

Ogeto alikuwa akipalilia karibu. Aliokota debe tupu la mafuta ya kupikia, akasimama mbele yao, akaanza kwenda kinyumenyume huku akilipiga kwa kijiti. Hakuna aliyemtuma. Aliitazama miguu yao na ardhi, na mdundo ukabadilika papo hapo: penye shimo aliuvuta, penye utelezi aliukatakata, penye tambarare aliuachilia ukimbie. Wabebaji, Kimeli na mwenzake, wakaenda kama mtu mmoja. Mwisho wa mstari injini ilipozimwa, aliimba alichokiona: "Kimeli amekanyaga shimo la fuko, mashine imekula mti, nani atakunywa chai ya kuni?"

Watu walicheka. Chepkosgei hakucheka. Alikwenda akapekua majani, akakuta vijiti kweli, akaandika.

Wiki iliyofuata alirekodi mdundo huo kwenye kaseti ili asimtoe Ogeto kwenye palizi. Kaseti ilipochezwa mteremkoni, wabebaji walianguka wote wawili.

"Madam," Ogeto alisema, "hiyo redio haioni shimo."

Chepkosgei, mtu wa digrii mbili, alikiri kosa lake mbele ya vibarua. Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja, yeye na saa yake, Ogeto na debe lake. Wasomi wenye unyenyekevu huo ni wachache. Wachache zaidi ni wasanii wanaojua kwamba kubuni papo hapo si ruhusa ya kufanya unavyotaka.

Siku moja kabla ya wakubwa kuja kushuhudia kipimo cha mwisho, Gekara, aliyekuwa msemaji wa wachumaji, alimfuata Ogeto nyumbani. Janefer alikuwa mlangoni akipepeta wimbi.

"Ogeto ndugu yangu, hii kitu ikishinda kesho, sisi tumekwisha. Wewe poteza mdundo kidogo tu. Mara mbili. Nani atajua?"

"Kimeli atajua. Kisu ikifika kwa goti yake, atajua haraka sana."

"Kwani Kimeli ni mama yako?"

"Hapana. Ni mtu ananifuata nikimwambia njoo."

Janefer aliweka ungo chini. "Na mimi je? Ama ulioa debe?"

"Janefer, kila kitu hiyo mashine inaharibu nitaimba. Sitaficha hata jani moja. Lakini miguu ya watu siwezi kudanganya."

"Basi jioni upike hiyo wimbo tukule," Janefer alisema, akaingia ndani. Gekara aliondoka bila kuaga.

Kesho yake Ogeto alipiga debe vizuri kuliko siku zote, na mashine ikawaacha mbali wachumaji wa mkono. Lakini mwisho wa kila mstari aliimba makosa ya mashine mbele ya wakubwa: vijiti, majani mazee, machipukizi yaliyokatwa nusu, na jinsi mabega ya wabebaji yalivyotetemeka mteremkoni. Meneja alikunja uso. Chepkosgei aliyaandika yote kwenye ripoti, pamoja na jina la aliyeyaona. Kwa sababu ya ripoti hiyo mashine haikuruhusiwa kwenye miteremko, na wachumaji wa huko walibaki kazini. Kwenye tambarare ilipitishwa.

Janefer alikuwa akichuma kwenye tambarare. Yeye na wanawake wengine thelathini na mmoja waliachishwa kazi kabla ya Krismasi. Aliwachukua watoto akarudi kwao Nyamira, na Ogeto alipomfuata mara mbili hakukubali kurudi. Miaka yote iliyobaki Ogeto aliishi peke yake katika nyumba ya laini, zile za safu za wafanyakazi wa shamba, na majirani hawakumsalimu, hata wale wa miteremkoni.