Kona ya Mikaratusi

Ombati aliingia dukani kwa Shashikant kutoa nakala ya kitambulisho, na hakukusudia kumsemesha mtu. Ilikuwa Februari 1998. Kwa miaka kumi na tano alikuwa amelipita duka lile la Kisii mjini bila kugeuza shingo, akinunua misumari na mafuta ya taa kwingine. Siku hiyo aliingia kwa sababu kila mahali pengine palikuwa na foleni, na mkewe Kemuma alikuwa sokoni akimngoja na ndizi.

Nyuma ya kaunta alikaa Bijal, binti wa mwenye duka, mbele ya kompyuta kuukuu iliyogeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Kwenye kioo palikuwa na barabara. Iliteremka katikati ya migomba, ikavuka daraja, ikapanda baina ya mashamba ya majani chai. Ombati hakuwahi kugusa kompyuta maishani, lakini aliitambua ile barabara kabla hajapewa nakala yake.

"Ukitoka hapo darajani," alisema, "haiendi kushoto moja kwa moja. Inavuta kulia kidogo, ndiyo iende kushoto."

Bijal aligeuka. Alipomwona ni nani, alinyanyuka akafungua kijilango cha kaunta. "Ingia ndani, Mzee Ombati," alisema. "Hiyo barabara ni yako."

Ilikuwa yake kweli, au iliwahi kuwa. Alianza kazi kwa Shashikant mwaka 1971 akiwa utingo, akapata leseni, na kwa miaka tisa akaendesha lori la buluu la tani saba lililopeleka sukari, sabuni na mabati kwenye maduka ya Keroka. Shule zikifungwa, Bijal na kaka yake Jay walipanda naye mbele, wakagombania dirisha. Kisha, Aprili 1983, katika mvua ya masika, lori likapinduka kwenye kona ya mikaratusi, karibu kufika Keroka. Hakuna aliyekufa. Sabuni ilibiringika mpaka mtoni, na watu wa huko husema maji yalitoa povu siku mbili. Utingo wake, Machogu, alivunjika mguu, na tangu hapo anachechemea.

Ombati alisema aliingia kwenye kona kwa gia ya pili, na kwamba kona ile ilikuwa mtego, ingempindua yeyote. Shashikant alisema kona ile hupitwa na kila mtu, ila anayeijia kwa gia ya nne. Hawakupigiana kelele. Ombati alirudisha ufunguo, na baada ya hapo kila tajiri wa lori aliyeuliza habari zake alipewa na Shashikant jibu lilelile, bila chuki, kama mtu anayetaja bei ya sukari. Hakupata lori lingine. Alirudi kwenye chai na migomba yake, vilima viwili kutoka Keroka. Miaka michache baadaye barabara ikajengwa upya, wahandisi wakakata kilima katikati, na ile kona ikaachwa pembeni kwenye nyasi. Ushahidi wake ukaishia hapo. Vijana wanaopita siku hizi hawajui hata kwamba palikuwa na kona.

Mchezo wenyewe ulikuwa umefika dukani mwaka 1991, pamoja na kompyuta ya kwanza. Ulikuwa wa mbio za magari katika nchi isiyo na jina, yenye miti iliyochongoka kama kofia za karatasi. Raha yake ilikuwa kwamba uliweza kujitengenezea barabara kwa kuunganisha vipande, kama mtu anayepanga vigae. Bijal na Jay waliucheza kila jioni duka likifungwa. Jay akaenda kusoma Uingereza na kubaki huko, kompyuta mpya zikaja, na ile ya kwanza ikaishia stoo chini ya makatoni ya chaki.

Mwaka 1997 Bijal aliitoa, akaipuliza vumbi, akaiwasha ili asikie tu ule mngurumo wa injini uliotoka kwenye spika ndogo kama nyuki ndani ya mkebe. Ilikubali. Kwa wiki nzima alicheza barabara zilezile za zamani, na wiki ilipokwisha akagundua kwamba alichokuwa akikitafuta hakimo. Ndipo binamu yake Ankit alipomtumia kutoka Nairobi, kwa kifurushi cha basi, disketi mbili. Ndani yake mlikuwa na programu ndogo ambazo hazikutoka kwa kampuni yoyote. Zilitengenezwa na wapenzi wa mchezo huo, watu waliotawanyika katika nchi za mbali, walioendelea kuupenda baada ya waliouunda kuusahau, na wakawa wanagawiana bure. Moja ilikuwa ya kuchora upya vitu vya kando ya barabara. Nyingine ilikuwa ya kufungua tumbo la gari na kubadili uzito wake, breki zake na gia zake.

Bijal alianza na miti. Nukta kwa nukta, miti iliyochongoka ikawa migomba. Nyasi za kijani kimoja zikawa chai, na gari jekundu la mbio likawa lori la buluu la tani saba, zito kuondoka na zito zaidi kusimama.

Tangu siku ya kitambulisho, Ombati alifika kila Jumatano, Kemuma akishatandaza ndizi sokoni. Aliketi juu ya kreti na kusema, Bijal akijenga. Bijal hakuwa mtu wa kukisia. Kila kipande cha barabara alikihesabu kuwa hatua arobaini, na mahali asipokuwa na hakika alipanda gari akaenda kupapima kwa miguu. Ombati alilipenda jambo hilo. Waligombana juu ya umbali wa daraja na wakacheka, na alipomwambia kwamba lori lake halinung'uniki vya kutosha kwenye mlima, Bijal aliliongezea uzito.

Walipofika kwenye kona ya mikaratusi, Bijal alisema pale anachokumbuka ni kufumba macho tu. Mchezo ulijua kona za namna mbili, akamwelezea: kali, inayokaa ndani ya kipande kimoja, na pana, inayokata ndani ya vipande vinne vilivyopangwa mraba, viwili kwa viwili. Ipi?

"Kali," alisema Ombati. Hakupepesa macho.

Bijal akaiweka kali, na hakuna aliyepita. Madhu, mdogo wake Shashikant, alipinduka mara sita, akatoka nje kuvuta hewa. Wauzaji wa dukani walipinduka mmoja baada ya mwingine. Kwa gia ya pili lori liliteleza likalala na magurudumu juu. Kwa gia ya kwanza lilikosa mwendo wa kupandia kilima kilichofuata, likarudi kinyumenyume mpaka mtaroni. Ombati alitazama yote kutoka kwenye kreti lake, akijifuta machozi ya kicheko. Kemuma aliona mabadiliko nyumbani.

"Baba Mong'ina," alimuuliza, "siku hizi unaendesha meza, na bado unarudi ukiimba?"

Alimjibu kwamba meza ile inasema ukweli kuliko watu.

Habari zilimfikia Shashikant kwa njia ya Madhu. Alisema atakuja ajaribu mwenyewe Jumapili alasiri, duka likiwa limefungwa. Bijal alimpa Ombati ujumbe huo siku ya Jumatano, na papo hapo akamwomba kitu. Kila kitu kwenye barabara ile kilikuwa kimepimwa, alisema, isipokuwa kona hiyo. Kwa kuwa iko karibu na kwake, angeipima kwa hatua zake? Kona kali ingetoa hatua kama thelathini, mwanzo hadi mwisho. Pana ingefika tisini na zaidi.

Alikwenda Ijumaa, kazi za shamba zikiwa zimekwisha na jua halijazama, maana likizama Sabato inaingia, na hakutaka kuingia nayo mahali pale. Nyasi ndefu za ng'ombe zilikuwa zimeimeza barabara, lakini kokoto zilisikika chini ya kiatu. Mikaratusi miwili ilibaki. Mtu alikuwa amefunga ndama kwenye mdomo wa karavati la zamani. Ombati alisimama pale kona inapoanzia, akatembea, akihesabu kwa Ekegusii, lugha ya kwao, kama anavyohesabu anapotaka hesabu ya kweli.

Tisini na nne.

Alirudi mwanzo akahesabu tena, safari hii akirefusha hatua mpaka nyonga zikauma. Themanini na moja. Ndama alimtazama. Hata angeruka, isingekuwa thelathini.

Kwa miaka kumi na tano alikuwa ameisimulia ile gia ya pili mara nyingi hata akawa anauona mkono wake ukiiweka. Sasa, akiwa amesimama juu ya kokoto zenyewe, aliukumbuka mkono ulivyokuwa: juu ya paja, umepumzika. Alikuwa na haraka ya kufika kabla mto haujafurika. Mkono haukugusa gia kabisa.

Kesho yake alitulia kanisani kuliko kawaida. Walipotoka, Machogu alimfikia akichechemea ndani ya suti yake ya kahawia. Tangu ajali alikuwa fundi cherehani Keroka, na hakuwahi kumuuliza Ombati swali hata moja, kwa sababu siku ile alikuwa amelala. Sasa alikuwa amesikia. Alisema amesikia hata mdogo wa yule Mhindi ameshindwa, kwamba hakuna dereva anayepita pale, na kesho atakwenda mjini akaione kona iliyomla mguu. Alisema pia, akimshika Ombati bega, kwamba zamani kuna siku alimfikiria vibaya, na amsamehe.

Ombati alisema sawa, watakwenda pamoja. Usiku huo hakuimba.

Jumapili, Shashikant alikuwa amekwisha vuta kiti mbele ya kompyuta walipoingia. Nywele zake zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Aliinuka nusu, akasalimia, Ombati akaitikia. Machogu alipewa kiti cha wateja. Bijal alikuwa na kidole juu ya kitufe cha kuanza.

"Ngoja, mama," Ombati alimwambia. "Nimepima. Weka ile pana."

Bijal alimtazama kidogo, kisha akafanya kazi. Alikitoa kile kipande kimoja, akasogeza kilima, akaweka vinne. Ilichukua dakika tano.

Shashikant akaendesha. Kwa gia ya pili alipita, akasimamisha lori chini ya kilima. Akarudia kwa gia ya tatu. Mkia wa lori ulitikisika, akapita, akasimama tena palepale. Hakugeuka kumtazama yeyote. Ombati akasogea, akaomba kiti, akakaa. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa vitufe vile, lakini barabara aliijua. Alilishusha lori toka darajani, akapanda kati ya chai, akafika kwenye mikaratusi na gia ya nne. Lori lililala kwa ubavu, likageuka magurudumu juu, na ule mngurumo wa nyuki ukakatika.

"Hivyo," alisema. "Nilikuwa kwa nne."

Machogu aliutazama mguu wake, kisha kioo, kisha mguu tena. "Miaka kumi na tano," alisema, "nimekuwa nikimlaani mhandisi wa barabara. Maskini ya Mungu." Akaanza kucheka, na alipoona Ombati hacheki, akanyoosha mkono akamgonga goti, mara moja, kwa nguvu kuliko inavyogongwa kwa utani.

Shashikant alikuwa bado anatazama lori lililopinduka. "Bijal," alisema, "huu mchezo iko na mvua?"

Bijal alisema hauna. Alikwisha tafuta katika disketi zote mbili, hata kwa Ankit ameuliza. Jua la humo haliwezi kuzimwa.

"Basi kona bado si ile," alisema Shashikant, akimgeukia Ombati. "Siku ile kulikuwa na mvua, na mimi nilikuambia ukimbie uwahi mto. Hilo sikumwambia mtu." Alisukuma kibodi kidogo, ikamkaribia Ombati. "Pita kwa pili. Mimi sijaona mbele."

Kweli hakuna aliyekuwa ameona. Kwa sababu ya kona kali, katika wiki zote hizo hakuna hata mmoja aliyewahi kufika upande wa pili wa kilima, na Bijal alikuwa ameujenga wote akauacha. Ombati aliweka gia ya pili mapema, kabla hata ya mkaratusi wa kwanza, na lori likazunguka taratibu, zito na tiifu. Kilima kikapita. Kisha Keroka ikatokea: si Keroka ya lami na maghorofa, bali ile ya 1983, safu mbili za mabati, pampu ya maji, mti wa mkuyu uliokatwa baadaye. Nukta kwa nukta, Bijal alikuwa ameandika hata vibao vya maduka.

"Lile la mlango wa buluu," Shashikant alisema taratibu, akielekeza kwa kidole. "Pale ndipo ulikuwa unapeleka sabuni."

Ombati alipunguza mwendo. Mchezo haukuwa na mahali pa kupakua mzigo. Ukifika mwisho wa barabara, gari husimama tu. Hata hivyo alilisogeza mpaka kando, sambamba na mlango, kama inavyotakiwa, na akalisimamisha hapo. Mkono wake wa kushoto ulishuka pembeni mwa kiti, ukitafuta breki ya mkono.