Mama Akae Karibu na Injini

Mume wangu alikuwa fundi wa injini ya boti katika mji usio na maji. Busia ya miaka ya sitini ilikuwa na barabara, maduka, baiskeli za kutoka Uganda na vumbi la kumtosha kila mtu, lakini ziwa lilikuwa mbali, kule Sio Port nilikozaliwa mimi. Hilo halikumzuia. Alilelewa katika nyumba ya Waislamu wa mjini, watu wa malori, na harufu ya grisi aliijua kabla ya kujua kusoma. Siku moja alikwenda Malaba kupokea vipuri vilivyoletwa na treni, akarudi na injini ya boti ameilaza juu ya magunia kama mgonjwa. Mtu wa upande wa pili wa mpaka alikuwa akiiuza kwa haraka. Nilimuuliza kama tutaiendesha barabarani. Akaniambia nisiwe na pupa.

Alihitaji maji ya kuijaribia, na maji yaliyokuwa karibu yalikuwa ya pipa langu. Lilikuwa pipa la kukingia mvua, nililolitegemea kwa kufua nguo za mtoto. Akapigilia ubao kwenye ukingo wake, akaibana injini kwenye ubao, mguu wa injini ukazama majini, akavuta kamba. Maji yaliruka hadi dirishani, kuku wakahama, na kuanzia siku hiyo mtoto wetu akawa ananukia petroli. Nilifoka, na sikufoka kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanionyesha tundu dogo nyuma ya injini lililokuwa likitoa uzi wa maji.

"Ona, mama mtoto, inakojoa," alisema. "Hii mashini inakunywa maji chini, inajipoesha, inakojoa hapa. Ikikojoa iko sawa. Siku ikiwacha kukojoa, zima mara moja. Usingoje hata kidogo. Itaungua."

Basi kila Ijumaa baada ya swala ua wetu ulijaa watoto wa majirani waliokuja kuona injini ikikojoa. Na mimi, bila kuomba, nikapata elimu. Nikajua kwamba oili huchanganywa na petroli humo humo ndani ya tangi, na aliyesahau oili amenunua chuma chakavu. Nikajua kusugua plagi mpaka ing'ae, na kwamba mwenye sigara akae mbali na debe la mafuta. Nikajua kwamba injini hufungwa mnyororo kwenye boti hata kama imebanwa vizuri, kwa sababu hutikisika, na kitu kinachotikisika siku moja huruka. Nilikuwa nayajua haya yote kama mke wa shehe anavyozijua hotuba.

Sasa nimlete mama yangu, maana kisa hiki ni chake.

Kwetu sisi Wasamia, wa wakati ule hasa, mkwe wa kiume na mama wa mkewe walikuwa hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawakai kiti kimoja. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Hiyo si chuki, ni heshima. Kwa watu wa mume wangu, heshima ilikuwa kinyume kabisa: mama mkwe unamwendea, unamshika mkono na kuubusu. Na mimi katika msisimko wa kuolewa nilidhani mtu mwingine amekwisha kumwambia.

Siku aliyokuja kwetu mara ya kwanza aliteremka kwenye lori akiwa na kanzu iliyopigwa pasi, akamwona mama anapepeta wimbi, akamwendea amenyoosha mikono yote miwili. Mama alitupa ungo akakimbilia kwenye mihogo. Mume wangu, kwa wema wake, akamfuata mbio akiuliza, "Mama, ni nyoka? Nyoka iko wapi?" Kadiri alivyouliza ndivyo mama alivyozidi kukata mihogo kwa kifua, na mama hakuwa mwanamke mdogo. Ilibidi kaka yangu amkamate shemeji yake kiunoni.

Alitozwa mbuzi, akamtoa siku iyo hiyo. Lakini aibu ilimkaa rohoni. Kila tulipokwenda kwetu alijificha nyuma ya ghala kama mtu anayedaiwa, na mama naye, akitaka kujua habari zake, aliniuliza, "Yule wa nyoka hajambo?" Mume wangu alikuwa hajali maneno ya mtu yeyote mjini, polisi au mwenye duka. Ila huyu mmoja alitaka sana amwone kuwa mtu wa maana. Nilimhurumia kwa hilo, ingawa pia nilicheka kila nilipokumbuka ile mihogo.

Mama alikuwa na dada yake mkubwa, aliyeolewa Bunyala, ng'ambo ya ghuba, karibu na Port Victoria. Walikuwa wamebaki wao wawili tu katika tumbo lao. Zile mvua kubwa za kabla ya uhuru zililipandisha ziwa, likameza mashamba na njia ya mguu iliyopita kwenye mafunjo, na maji hayakurudi upesi. Kuzunguka nchi kavu ilikuwa safari ya watu wenye magoti mazima. Mitumbwi ya kasia ilipinduka mara kwa mara mwaka ule, hata kaka yangu, mvuvi mzima, alikataa kumvusha mama. Ndipo wachuuzi wa samaki wakaleta ujumbe: dada amevimba miguu, hatoki kitandani, anasema mdogo wake aje wakati bado anamtambua.

Mama alilia kutwa, kisha akanitumia neno Busia. "Ile kitu ya mume wako inaweza kuvuka?"

Mume wangu hakula siku hiyo. Aliifungua injini yote akaitandaza juu ya mkeka wangu mzuri, nami nikanyamaza. Alipoirudisha tuliipakia kwenye lori tukaenda Sio Port, akaifunga kwenye boti ya mbao ya kaka yangu, iliyokatwa mkia ili ipokee injini. Siku za kwanza alifanya mazoezi na kaka karibu na ufuko. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mume wangu hajui kuogelea, tena anaogopa maji. Mkono mmoja ulishika usukani wa injini, wa pili ulishika ubao wa boti mpaka vidole vikawa vyeupe. Kwa sababu hiyo alileta tyubu tatu za magurudumu ya lori, zimejazwa upepo, moja kwa kila msafiri. Watu walimcheka. Yeye alisema anayecheka atapewa tyubu ya kwake akiomba.

Tuliondoka watatu, mtoto tukamwacha kwa kaka. Mume wangu nyuma na injini, mimi katikati na kasia, maana mimi maji nayajua, na mama mbele kabisa, kwenye ncha ya boti, mbali na mkwewe kadiri mbao zilivyoruhusu. Alitaka tutundike leso katikati kama pazia. Mume wangu akasema kupitia kwangu kwamba dereva lazima aone mbele. Mama akajifunika leso yeye mwenyewe kichwa kizima, akatupa mgongo. Tyubu alikataa kuivaa, akaikalia. Kando yake aliweka gunia la wimbi na jogoo wa dada yake.

Ghuba ilikuwa tulivu mwanzoni, na nilifurahi kupita kiasi. Injini ilinguruma vizuri, uzi wa maji ulitoka, mume wangu akaachia ubao wa boti na hata kuanza kuimba kidogo. Tulipofika katikati upepo ukaja kutoka nyuma yetu. Kila wimbi lilipopita chini lilinyanyua mkia wa boti, na kwa kuwa mbele palikuwa na mama, gunia na jogoo, mkia ulinyanyuka kweli kweli. Propela ikatoka majini. Injini ikapiga ukelele wa hewa tupu, ikazama, ikanguruma, ikatoka tena, ikapiga ukelele.

Nikageuka nikatazama lile tundu. Halikuwa likitoa kitu.

"Haikojoi," nilisema.

Alikuwa amekwisha kuizima. Ukimya ukaanguka juu yetu, boti ikaanza kuyumba, na jogoo akachagua wakati huo kuwika.

"Mwambie mama," alisema mume wangu, "uzito iko mbele sana. Mashini inatoka inje, inakunywa upepo badala ya maji. Hapana endesha namna hii."

"Mama, anasema uzito uko mbele."

"Nimesikia. Mwambie asogeze gunia."

"Anasema usogeze gunia."

Nililiburuta gunia hadi nyuma, na mimi nikarudi nyuma nalo. Akawasha. Wimbi likaja, mkia ukapanda, ukelele ule ule. Akazima. Mama yangu alikuwa mtu mzima mwenye mwili wake, na ncha ya boti ile ilikuwa nyembamba. Hakuna aliyetaka kulisema.

"Mwambie mama turudi," alisema hatimaye. "Wewe piga kasia, mimi nitasaidia. Mashini ikiungua hapa, hii upepo itatusukuma kwa mawe ya huko mbele, na mimi sina ya pili. Mimi nitamleta siku ingine. Mwambie nimeshindwa."

Hilo neno la mwisho lilimtoka kwa shida. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumchapa kasia mama yangu, vyote kwa wakati mmoja. Wote wawili walikuwa wanasikiana vizuri kabisa, na mimi nilikuwa nimechoka kuwa simu.

"Mama," nilisema, "anasema ameshindwa."

Mama aliinua ukingo wa leso, akatazama mbele. Upande wa Bunyala milima midogo ilikuwa inaonekana, hata moshi wa mtu anayepika. Kisha bila kugeuka, leso ingali kichwani, akaanza kurudi nyuma. Alikuja kinyumenyume, kwa makalio, kiti cha ubao hadi kiti cha ubao, akiivuta tyubu yake. Akanipita. Akakaa kwenye ubao wa mwisho, mgongo wake karibu kugusa magoti ya mkwewe. Nilipomtazama mume wangu, alikuwa amejikunja kwenye injini kana kwamba anataka kuingia ndani ya tangi.

"Mwambie awashe," mama alisema.

Hapo ndipo tulipokumbuka kamba. Kamba ya kuwashia huvutwa kwenda mbele, kwa nguvu, na mbele ya mkono ule sasa kulikuwa na mgongo wa mama mkwe. Mume wangu aliishika, akaiachia. Akaishika tena. 

"Mwambie mama ainame."

"Nimeinama," alisema mama, na alikuwa ameinama hadi magotini.

Akavuta. Haikushika. Akavuta mara ya pili kwa nguvu zake zote, injini ikapokea, na kiwiko chake kikampiga mama begani. Nilikisikia. Mume wangu aliganda, mdomo wazi, kamba mkononi, na nadhani lau angejua kuogelea angejitupa.

Wimbi likaja. Mkia ukapanda kidogo tu, propela ikabaki majini. Uzi wa maji ukatoka kwenye tundu, mwembamba, kisha mnene. Boti ikaanza kwenda. Mama, bado ameinama, akanyoosha kidole kimoja kunielekea, maana yake ananituma.

"Mwambie," alisema, "sikuhisi kitu."

Sikumwambia. Alikuwa amesikia, na machozi yalikuwa yanamtoka, akajifanya ni moshi wa injini.

Tulifika. Dada yake mama alikuwa ametolewa nje akalazwa kwenye mkeka kivulini, na alimtambua mdogo wake kwa mbali, kwa mwendo. Siku zile tulizokaa pale walilala mkeka mmoja wakizungumza habari za watu niliokuwa siwajui, wakicheka mpaka wakakohoa. Mume wangu alishinda ufukoni akiisugua injini iliyokuwa safi tayari. Siku ya kurudi upepo ulikuwa umelala na hakukuwa na gunia, lakini mama hakungoja kuambiwa. Alipanda kinyumenyume akaenda moja kwa moja kwenye ubao wa mwisho, akajifunika leso, akainama. Tulipofika nyumbani alimtoza mkwewe kuku kwa sababu ya kile kiwiko, na yeye mwenyewe akatoa kuku kwa kumsogelea, wakawa sawa.

Dada yake mama alifariki kabla ya mavuno. Tulivuka tena, watu wengi safari hii, maboti mawili, na mume wangu ndiye aliyewavusha waombolezaji tangu asubuhi. Jioni, watu walipokuwa wanatawanyika, nilimwona mama akishuka ufukoni peke yake. Mume wangu alikuwa amechutama, anachanganya oili na petroli ndani ya debe. Mama alisimama hatua kadhaa kutoka kwake, akampa mgongo kama inavyotakiwa, akatazama mafunjo. Nilikuwa karibu, nikasubiri anitume.

Hakunitazama hata kidogo.

"Mkwe wangu," alisema, "ulinifikisha."

Mume wangu, ambaye kwa habari za injini angeweza kukuweka mlangoni mpaka chakula kipoe, aliyageukia mafuta yake. Aliinua debe, akalitikisa, akalitikisa tena, ingawa mafuta yale yalikuwa yamechanganyika zamani.