Fungo Nyuma ya Jiko

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nikiwa mwaka wa tatu wa ndoa na bado sina mtoto. Tulikuwa tumepanga chumba katika ploti moja pembeni mwa mji wa Migori, pale nyumba zinapoisha na miwa inapoanza. Mume wangu alikuwa mvuvi huko Sindo, ziwani. Alikuja mwisho wa mwezi, na miezi mingine hakuja. Simlaumu, kazi ilikuwa huko.

Rafiki nilikuwa na mmoja tu, Mama Bhoke, mjane Mkuria wa chumba cha pili. Yeye hakujua Kijaluo, mimi sikujua Kikuria, basi tulikutana kwenye Kiswahili chetu kilichochechemea. Siku ambayo hakuwepo, niliweza kumaliza mchana mzima bila kusikia sauti yangu mwenyewe.

Asubuhi hiyo nilikuta kitu nyuma ya jiko. Rundo jeusi la mavi, kubwa kama la mtu, limejaa mbegu za mapera, nywele, manyoya ya kuku na vipande vya jongoo vinavyong'aa kama pete. Siku mbili baadaye likaongezeka, palepale. Nilimwita Mama Bhoke. Aliinama, akalichokora kwa kijiti.

"Hii ni fungo," akasema. "Imeshazoea hapa kwako. Haitatoka haraka."

Mimi niliishia darasa la sita. Fungo, kwangu, ilitoka kwenye kufunga. Mwanamke asiyezaa huambiwa amefungwa kizazi, na hayo nilikuwa nimeshayasikia kwa wakwe. Nikatazama zile nywele na manyoya, nikaona uchawi wa mtu. Nikajiuliza, huyu amejuaje kwamba haitatoka haraka, kama si yeye aliyeiweka? Sikumwuliza. Nilisema tu, "Asante, mama," nikaingia ndani.

Maneno niliyafikisha bombani mimi mwenyewe. Niseme haki: wanawake wa ploti waliochota maji pale hawakuwa wamemchukia kabla ya hapo. Wiki hiyohiyo wakaanza kuondoa mitungi yao akifika. Mmoja akamrushia, "Mama, leo umefunga nani?"

"Nani? Mimi nimefunga kuku tu," akajibu, akicheka.

Walitazamana. Hakuna aliyecheka naye. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba aliwafunga kuku wake ndani ili wasiliwe.

Mwishowe mwenye ploti akamwambia atafute nyumba kwingine. Aliondoka mchana, vyombo vyake juu ya mkokoteni. Akasimama mlangoni kwangu. "Haya, mama, kaa salama." Nilijifanya nasugua sufuria.

Wiki iliyofuata rundo likaongezeka tena.

Nilikwenda Lambwe kwa baba yangu, aliyechunga ng'ombe karibu na mbuga tangu utoto wake. Nilipomweleza, kwanza alicheka. "Mbegu na jongoo, mahali pamoja kila mara? Binti yangu, hicho ni choo. Askari wa mbuga wanamwita huyo mnyama fungo. Sisi Wajaluo kila kinachokula kuku tunakiita ogwang', lakini si mnyama mmoja."

Akanifundisha. Kanu ni mwembamba, mkia mrefu wenye mistari ya kuzunguka, hupanda mpaka darini. Nguchiro ni mdogo, hutembea mchana, huvunja mayai kwa kuyapiga kwenye jiwe. Fungo ni mzito kama mbwa, ana madoa mwilini, na machoni ni mweusi kama amefungwa kitambaa. Hula matunda, hula kuku, hula hata jongoo ambaye wengi hawamgusi, na hurudi kujisaidia palepale.

Kisha baba akaacha kucheka. "Huyo mama alikuambia jina la mnyama. Wewe ulimjibu nini?"

Mama Bhoke angesema "huyu" badala ya "hii", labda ningejua ni mnyama. Lakini hata mimi husema "hii ng'ombe", kwa hiyo kosa hilo siwezi kumtwika.

Nilimtafuta Mama Bhoke, nikamkuta akiuza ndizi katika soko moja upande wa Kehancha. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Aliendelea kupanga ndizi zake.

"Mimi nilifikiri wewe ndio unajua Kiswahili," akasema. "Si ulisoma?" Halafu akasema, "Nimesikia, mama. Nenda, gari isikuache."

Hakunikaribisha kukaa. Sijui kama ule ulikuwa msamaha. Katika daftari langu nimeandika kwamba ulikuwa, nikafuta, nikaandika tena. Niliishi kwenye ploti ile miaka minne zaidi, na mimi na waliohamia chumba chake hatukuvuka salamu.

Basi, mwanangu, sidhani mimi ndiye mtu wa kumshauri mwingine, lakini hili nalijua. Ukikuta alama nyuma ya nyumba yako, itazame vizuri: imeachwa wapi, ina nini ndani, inarudi lini. Wanyama wengi huishi nasi na hawana habari na mambo yetu. Na mtu akikuambia neno usilolielewa, usilijaze kwa hofu yako. Kuuliza kungenitia aibu kidogo, siku moja tu.

Mungu akupe jirani wa kukutajia vitu kwa majina yake, na akupe ujasiri wa kumwambia, "Mama, sijaelewa. Sema tena."